Siku Niliyoambiwa Nikaze Misuli

Kidole changu nilikuwa nakitoboa mwenyewe kila asubuhi kupima sukari, bila wasiwasi wowote, na wala tone la damu lililojitokeza pembeni mwa ncha ya kidole halikunishtua. Ndiyo maana watu wa nyumbani hawakuelewa kwa nini mtu huyohuyo alikosa usingizi usiku wa kuamkia kipimo cha HbA1c, kile cha maabara cha kuangalia wastani wa sukari kwenye damu. Kwangu mimi tofauti ilikuwa kubwa. Nyumbani kitufe nakibonyeza mimi, ncha ya sindano haionekani, na jambo limekwisha kabla sijalifikiria. Maabara sindano hushikwa na mtu mwingine, huingia kwenye mshipa wa mkono, na hukaa humo mpaka damu ya kutosha iingie chupani.

Kipimo chenyewe hakikwepeki. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na sukari iliyomo kwenye damu hushikamana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo asilimia ya himoglobini iliyoshikwa na sukari humwonyesha daktari wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, jambo ambalo kidole cha asubuhi moja hakiwezi kumweleza. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda. Tatizo ni kwamba nilikuwa naanguka. Mpira ukishafungwa juu ya kiwiko, moyo ulikwenda mbio, kisha mbio zile zikakatika ghafla, jasho la baridi likanitoka, masikio yakaziba, na kilichofuata nilikuja kusimuliwa. Kila mhudumu alikuwa na shauri lilelile: tulia, vuta pumzi, legeza mwili. Nami nilikuwa mtiifu. Nililegea vizuri kiasi cha kuteleza kutoka kwenye kiti.

Siku ninayoikumbuka nilimkuta mama mmoja wa makamo ambaye, kabla hajagusa hata pamba, aliniuliza, "Mwanangu, wewe huwa unaogopa tu, au unazimia?" Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nilipomjibu kwamba nazimia, aliiweka trei yake kando, akanihamishia kitandani na kunieleza kwa utaratibu. Hofu nyingi, alisema, hupandisha presha, na mtu ambaye presha yake iko juu si rahisi azimie. Lakini hofu ya damu na sindano, kwa baadhi ya watu, huipandisha kwanza kisha huiangusha pamoja na mapigo ya moyo, na ubongo ukakosa damu ya kutosha. Kumwambia mtu wa namna hiyo alegee ni kuisaidia presha ishuke.

Akanifundisha kinyume chake: nikaze mapaja, tumbo na ule mkono mwingine kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka nihisi joto usoni, kisha niachie kwa sekunde 20 hadi 30, bila kulegea kabisa, halafu nirudie. Mkono wa kutolewa damu ndio pekee wa kuachwa huru. Baadaye nilisoma kwamba mbinu hiyo iliendelezwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na wenzake katika miaka ya 1980, na nikashangaa imekuwaje haijawafikia wote waliokuwa wakiniinua sakafuni. Nilimuuliza pia kuhusu dawa ya ganzi ya kupaka. Alisema ipo, inahitaji kupakwa kama saa nzima kabla, na inapunguza maumivu; lakini mimi sikuwa nazimia kwa sababu ya maumivu. Katika hilo alikuwa amenielewa kuliko nilivyojielewa.

Tulifanya mazoezi kwanza bila sindano. Kisha akachukua sindano nyembamba yenye mabawa ya plastiki na kuniuliza kama nataka kuambiwa inapoingia. Nilitaka. "Sasa," alisema, nami nikakaza mapaja na kusaga meno kama mtu anayenyanyua gunia, na nadhani aliyepita mlangoni alishangaa. Moyo ulikwenda mbio kama kawaida yake. Nikaisubiri ile kasi ikatike, na kweli ikaanza kukatika: sikio la kushoto likaziba, dari ikaanza kufifia. Nikakaza tena, kwa nguvu zaidi, mashavu yakapata moto, na sikio likafunguka. Nilisikia chupa yenye kifuniko cha zambarau ikichomolewa, na sauti yake ikisema, "Tayari, usinyanyuke bado."

Nilibaki nimelala huku nimebana pamba kwenye kiwiko, naye akaandika kwenye faili langu kwa herufi kubwa kwamba nitolewe damu nikiwa nimelala na nisiambiwe nilegeze mwili. Hofu yenyewe haikuondoka siku ile, na usiku wa kuamkia kipimo bado nageuka sana kitandani. Majibu yalisoma asilimia 7.6, na mimi na daktari tukaanza kubishana kuhusu dozi ya jioni.