Ninavyosoma mioyo ya wateja kabla ya kununua robota

Nauza mitumba Kibuye, Kisumu, hasa magauni na blauzi za kina mama. Kabla sijauliza bei ya robota, huwa nasikiliza kwanza mji unasemaje.

Juni 2024 ndiyo iliyonifunza hasa. Mswada wa Fedha, uliotaka kuleta kodi mpya, ulikuwa mdomoni mwa kila mtu, kuanzia kwa bodaboda hadi kwa muuza omena. Kodi zenyewe zilikuwa hazijaanza kukatwa, lakini wateja wangu wenye mishahara walikuwa wameshafunga mikono. Mwalimu mmoja alishika gauni la maua, akalipima kifuani mbele ya kioo, kisha akalikunja taratibu. "Dada, ni zuri, lakini saa hii nitalivaa niende wapi? Nitolee sketi nyeusi, ile haionyeshi uchafu." Pesa alikuwa nayo. Aliyoikosa ni raha.

Vijana nao walikuja kusaka fulana nyeusi za kwenda maandamanoni. Basi nikaacha kununua magauni kwa robota, nikawa nachagua vipande vichache kwa wenzangu: nyeusi, buluu, kahawia, vitambaa vizito. Rais alipokataa kutia sahihi mswada tarehe 26, sikukimbilia rangi. Watu walikuwa wamekufa, na uchungu ule ulikaa sana.

Kuna Mmarekani, Robert Prechter, anayeshikilia kwamba hisia za umma ndizo hutangulia, na soko la hisa na mitindo hufuata. Simkubalii yote, maana unga ukipanda bei, huzuni ya mama imetoka dukani moja kwa moja. Ila kwenye nguo nimeona ukweli wake. Wapo pia wanaodai sketi hufupika uchumi ukipanda. Hapa Kibuye urefu wa sketi huamuliwa na kanisa na wakwe. Mimi naangalia rangi.

Agosti 2025 Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, walipoifunga Morocco 1-0 kwenye mashindano ya Afrika ya CHAN, hakuna aliyekuwa ameongezwa mshahara. Lakini wiki ile kina mama walewale wakaanza kuulizia nyekundu na kijani, na kamera zangu za maua, yaani magauni yale bora kabisa ya robota, zilizokuwa zimening'inia muda mrefu, zikaondoka bila hata kubishana bei. Hapo ndipo nikanunua robota zima la magauni.

Siku hizi nasikiza swali la mteja. Akiuliza, "Hii inavumilia?" naleta kidogo. Akiuliza, "Hakuna rangi nyingine?" naongeza mzigo.