Mluzi uliokuwa unasikika kompyuta ikirenda tu

Kazi yangu ni kutengeneza picha za 3D za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mteja analeta ramani, mimi namwonyesha sebule yake itakavyokuwa jua la saa kumi jioni likiingia dirishani. Natumia programu ya Blender, na mteja akitaka video ya kuizunguka nyumba, naiacha kompyuta inarenda, yaani inaichora video picha kwa picha, usiku kucha. Mashine inayofanya kazi mimi nikiwa nimelala, lazima niiamini.

Mluzi ulianza nilipoweka kadi ya grafiki nyingine, iliyotumika, yenye nguvu kuliko ile ya zamani. Ulikuwa mwembamba na wa juu, ule unaokufanya ukaze meno. Nikiandika barua au nikitazama filamu, kimya kabisa. Nikibonyeza kurenda tu: iiiiiiii.

Fundi hakupoteza muda. "Kaka, hiyo beringi ya feni imekwisha," akapuliza vumbi kwa bloa, akaweka feni mpya, nikalipa. Nyumbani mluzi ukawa uleule. Tatizo ni kwamba dukani kompyuta iliwashwa, Windows ikafunguka, basi. Haikupewa mzigo wowote, na barabarani bodaboda zinapita. Hapo huwezi kusikia kitu. Siku hizi nikipeleka mashine yenye kelele kwa fundi, naenda na video niliyorekodi kwa simu ikiwa kazini.

Nikaamua kuitafuta mwenyewe. Kilichonifungua macho ni muda. Feni hufuata joto, na joto halipandi papo hapo; hupita sekunde kadhaa kabla feni haijaongeza kasi, na kazi ikiisha huendelea kuzunguka kwa nguvu kwa muda. Mluzi huu haukungoja chochote. Ulianza mara tu kadi ilipoanza kazi na ukakatika mara ilipoacha, feni zikiwa bado zinavuma. Kwenye video ndiyo ilikuwa wazi zaidi: kila fremu, yaani kila picha moja ya video, Blender kwanza huiandaa kwa prosesa wakati kadi imetulia, halafu kadi inapokea. Mluzi ukawa unakatika na kurudi kwa mpangilio huo huo. Nikiwa jikoni nilijua fremu imekwisha bila kuangalia skrini.

Simu nayo ilisaidia. Kuna programu za bure zinazochora sauti kulingana na masafa yake, na mstari wa mluzi wangu ulikaa jirani na Hz 6000, yaani mitetemo 6000 kwa sekunde. Sasa piga hesabu. Feni ya mapanga 7 inayozunguka mara 1500 kwa dakika: gawa kwa 60, zidisha kwa 7, unapata Hz 175. Hata feni ya mapanga 11 ikikimbia mara 3000 kwa dakika haivuki Hz 550. Diski ngumu ya kuhifadhia mafaili, ya mizunguko 7200 kwa dakika, hutoa mvumo wa Hz 120. Vyote viko chini sana. Beringi iliyokauka inaweza kupiga kelele za juu, hivyo hesabu peke yake haikutosha. Nikachomoa feni za boksi moja baada ya nyingine, isipokuwa ya prosesa, kisha nikashusha kasi ya feni za kadi hadi pale programu iliporuhusu, kwa dakika moja tu, huku nikiangalia joto. Mvumo ulipungua. Mluzi haukutikisika.

Mwisho nikachukua lile bomba la karatasi linalobaki tishu za jikoni zikiisha. Mfuniko wa pembeni nimeutoa, sikio upande mmoja wa bomba, upande wa pili nausogeza juu ya vifaa bila kugusa chochote. Kwenye pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme, kimya. Kwenye prosesa, kimya. Kwenye kadi, karibu na pale waya za umeme zinapochomekwa, nikarudisha kichwa nyuma kwa ukali wa sauti.

Pale ndipo zilipo koili, waya zilizoviringishwa kwenye kiini. Kadi inapokea umeme wa volti 12 na kuushusha hadi karibu volti 1 kwa ajili ya chipu, na volti zikishuka hivyo mkondo unakuwa mkubwa sana, unaweza kupita ampea 100. Umeme huo hukatwa na kuunganishwa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kasi ambayo sikio la binadamu halifiki. Mwisho wetu ni karibu Hz 20,000. Lakini mzigo wa chipu nao hupanda na kushuka, na mawimbi hayo huangukia ndani ya uwezo wa sikio. Sumaku ya koili inavuta na kuachia, waya na kiini chake vinatetemeka, unasikia mluzi. Kapasita ndogo za kauri nazo hujikunja kidogo kila volti zinapobadilika, na huweza kuitikisa bodi nzima. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako inavuma kwa sababu ya jamaa hiyohiyo: umeme wetu ni wa Hz 50, kiini chake hubadilika umbo mara mbili kwa kila wimbi, unasikia Hz 100.

Kwa hiyo kadi haikuwa mbovu. Kelele ya kuogopa ni ile ya tak-tak kutoka kwenye diski ngumu. Ukiisikia, nakili mafaili yako kwanza, maswali baadaye.

Dawa niliyotumia haikuhitaji bisibisi. Kwa programu ya MSI Afterburner nilishusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 75, yaani kutoka wati 170 hadi kama 127. Mluzi ukapungua kiasi cha kufunikwa na feni. Fremu iliyochukua dakika 4 sasa inachukua dakika 4 na sekunde ishirini na kitu, bei ambayo mimi nailipa bila kunung'unika, maana chumba nacho kimepoa, na kwa joto la Dar hilo si dogo. Kwa mpwa wangu anayecheza gemu dawa ilikuwa nyingine. Kwake mluzi ulikuwa mkali zaidi kwenye menyu kuliko kwenye mchezo wenyewe, kwa sababu menyu ni nyepesi na kadi ilikuwa inachora mamia ya fremu kwa sekunde bila kazi ya maana. Tulipoweka kikomo cha fremu 60, ukakatika.

Wapo walionishauri nimwagie koili gundi. Nimekataa. Gundi ya kubahatisha juu ya kitu chenye joto namna ile, siku kadi ikihitaji fundi, nani ataibandua?

Nikadhani nimemaliza, mpaka umeme ulipokatika katikati ya kazi. Safari hii kukatoka mngurumo mzito, na bomba la karatasi likaniambia ni pawa saplai. UPS yangu, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ya bei nafuu. Ikiwa kwenye betri haitoi wimbi laini kama la umeme wa ukutani, inatoa wimbi la ngazi-ngazi, na pawa saplai nyingi za kisasa hunguruma zikilishwa wimbi la hivyo chini ya mzigo mkubwa. Umeme uliporudi, mngurumo ukaisha. Nikaacha kutoa video nzima kama faili moja, sasa kila fremu inahifadhiwa kama picha yake, na UPS ikihamia kwenye betri nasimamisha kurenda na kuzima. Nikiwa nimelala, kompyuta inajizima yenyewe kwa programu ya UPS, na asubuhi naendelea na fremu iliyofuata.