Karatasi kwanza, baraza baadaye

Lamu, Jumatano usiku

Masika yameingia na vyumba viko vitupu. Kila mwaka ni hivyo: kusi ikishika, wageni hupungua, hoteli kadhaa za Shela hufunga kabisa, na sisi watumishi wa nyumba ndogo ya wageni huku Mkomani hubaki kuhesabu magodoro. Safari hii tajiri ameuliza swali moja tu. Mgeni atakayekuja Mei au Juni, mvua inanyesha na bahari imechafuka, tumpe nini hata atamani kuongeza siku mbili?

Kwa desturi swali kama hilo hulipandisha juu darini, tukaketi chini ya makuti, birika la kahawa katikati, kila mtu aseme lake. Navipenda vikao hivyo, nisiseme uongo. Lakini vyote hupita njia moja. Nahodha wetu, ambaye sote twamwita Ami, hukohoa kidogo kisha hutoa rai yake. Mpishi huitikia, "Hapo umenena, Ami." Kijana wa mapokezi hutikisa kichwa. Binti anayetandika vitanda wakati huo keshashuka na sinia kufuata vikombe. Tunaondoka na wazo moja, nalo ni lile lile la mwaka jana: tupunguze bei.

Aliyeeneza huku kuchemsha bongo kwa pamoja alikuwa Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara kule Marekani. Katika kitabu chake cha 1953 aliweka masharti: usikosoe, taja mengi, hata ya ajabu yapokewe, na la mwenzio lidandie uliendeleze. Maofisi yakayashika kama dini. Mwaka 1958 Donald Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakalinganisha watu wanne walioketi pamoja na wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja. Waliojitenga walitoa karibu mara mbili. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaitafuta sababu. Haya ya kuhukumiwa ipo, kutegea kupo, lakini kikubwa walichokiona ni kungoja zamu: mmoja akisema, wengine wamefumba midomo, na ulilokuwa nalo ama limekuponyoka, ama umelishikilia kwa nguvu hata huwezi kuwaza jingine.

Mie naona kwetu haya ina uzito kuliko huko. Waliojaribiwa wengi walikuwa wanafunzi, rika kwa rika. Hawakuwa na Ami.

Kuna njia ya Mjerumani mmoja, Bernd Rohrbach, ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu sita, kila mmoja aandike mawazo matatu kwa dakika tano, kisha ampe karatasi wa kando yake, naye asome na kuongeza matatu, hivyo hivyo mizunguko sita. Nusu saa mna mawazo 108. Sisi sita hatufiki, na dakika tano ni dhiki kwa mtu ambaye kalamu si kazi yake. Kwa hiyo niligawa karatasi, kila mtu aende nayo nyumbani, airudishe leo bila jina.

Ya Ami ilijulikana mara moja, maana aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuo cha Kurani utotoni. Kiswahili kitupu, mwandiko wa kupendeza. Kijana wa mapokezi aliigeuza juu chini akaishia kucheka. Mpishi ndiye aliyetusomea. Ami anataka wageni wapelekwe Matondoni kwa punda, njia ya nchi kavu, wakawaone mafundi wa majahazi. Jambo ambalo hajawahi kulitaja darini hata siku moja, yeye msemaji mkuu!

Na moja ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mgeni afundishwe mkate wa mofa. Wanawake wapakwe hina na piko mchana wa mvua. Sote tulijua ni ya nani, hakuna aliyetamka.

Hapo sasa ndipo baraza ilipofanya kazi yake. Mpishi alikunja uso: "Mgeni jikoni kwangu? Akiungua je?" Ami akamkumbusha kwamba tanuri la udongo liko uani, si jikoni. Kijana akauliza kwa nini tuuze viwili mbali mbali. Binti akajibu, kwa sauti, kwamba mwenye hina mbichi mikononi hawezi kukanda unga. Basi wakapanga wenyewe: unga wa mtama ukandwe kwanza, ukiachwa uumuke hina ipakwe, hina ikikauka mpishi anaoka, na magharibi watu wanakula mofa na samaki. Hilo halikuwemo kwenye karatasi yoyote.

Washairi wetu wangetucheka kwa kwenda kuyatafuta haya Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Amu, yaani Lamu hii yetu, walirushiana beti juu ya uhasama wa miji yao. Huyu yuko kwake, yule yuko kwake, lakini kila ubeti unaukamata wa mwenzake pale pale ulipouma.

Lililobaki ni bei ya hiyo mofa na hina. Karatasi nimeshazigawa, tutakutana Ijumaa baada ya swala. Kijana ameomba tujibu kwenye kundi la WhatsApp, eti ni rahisi zaidi. Nimekataa. Ami huamka alfajiri. Angekuwa wa kwanza kuandika, na kufikia saa mbili kila mtu angekuwa amejibu "sawa Ami".