Probesheni si kuachiliwa, muulizeni shangazi yangu

Siku binamu yangu alipotoka kotini shangazi alipiga vigelegele mpaka askari akamwambia anyamaze, yeye alichosikia ni "haendi jela" basi, hayo mengine yote aliyosema hakimu yakapita juu. Kumbe jamaa kapewa probesheni, yaani adhabu unaitumikia ukiwa nyumbani chini ya uangalizi wa afisa, miezi 18.

Hapa Kenya sheria inasema isipungue miezi 6 na isizidi miaka 3, na lazima uelezwe kwa lugha unayoelewa halafu mwenyewe ukubali. Angekataaje, kaiba pampu ya maji ya bosi wake na rimandi keshalala wiki tatu!

Lakini shughuli ilianza kabla ya hukumu manake hakimu aliagiza ripoti, afisa wa probesheni akaja huku Likoni na faili lake, akamhoji shangazi, akaenda kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, hata kwa huyo aliyeibiwa akamuuliza yeye aonaje. Tulikuwa na jirani tuliyegombana naye mambo ya ukuta, shangazi akihofia atasema mabaya usiku mzima hakulala, kumbe jirani mwenyewe alipoulizwa akasema tu kijana hana neno, shida ni marafiki zake. Nilimpelekea mahamri kesho yake.

(Na msichanganye na ile ya kufagia kwa chifu, ile ni huduma kwa jamii, ina sheria yake ya 1998.)

Basi ikawa ni kuripoti, mwanzo kila wiki, baadaye mara moja kwa mwezi, ukihama lazima afisa ajue, na siku nyingine unamkuta yuko kwenu barazani anakunywa chai na mamako. Mwezi wa nne jamaa akaruka mara mbili, simu kazima. Sasa hapo ndo pabaya, unarudishwa kotini, wanaweza kukupiga faini probesheni iendelee ama wakuhukumu lile kosa la kwanza kabisa, pampu ile ile. Afisa akampigia shangazi. Mama wa watu akamburura jitu la miaka 26 wakavuka feri pamoja, akaketi naye ofisini mpaka akasaini.

Imebaki miezi 5. Tarehe za kuripoti shangazi kazizungushia kalamu nyekundu kwa kalenda ya ukutani, za chama chake ni za buluu.