Gelai, Julai 2007: kiolezo kimekubali, mpango wa b umelala

Hatimaye kimekubali! Jana usiku kiolezo changu (kipande cha wimbi la tetemeko moja kinachotumika kutafuta mengine yanayofanana nalo) kimepita kwenye rekodi nzima ya 17 Julai 2007 na hakikunyamaza hata pale mawimbi yalipokuwa yamerundikana. Kwa mliojiunga karibuni: nachambua upya mfululizo wa matetemeko ya Gelai, mlima wa volkano kando ya Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, kwa kutumia kituo kimoja tu cha kupima matetemeko, KMBO cha Kilimambogo, Kenya, ambacho rekodi zake ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kituo kimoja ni sharti nililojiwekea mwenyewe. Watafiti walishaifanya kazi hii kwa mitandao ya vituo na kwa picha za rada za setilaiti, na kisa kizima kinajulikana: matetemeko yalianza katikati ya Julai, kubwa kuliko yote likapiga tarehe 17 kwa ukubwa wa 5.9, Nairobi watu wakatoka mbio maofisini, na tarehe 4 Septemba volkano ya jirani, Ol Doinyo Lengai, ikalipuka. Chini ya Gelai magma (mwamba ulioyeyuka) ilikuwa imepenya kwa wima, ikafungua ufa unaoelekea kaskazini-mashariki, ikabaki humo bila kufika juu. Ninachotaka kujua mimi ni kiasi gani cha kisa hicho kinasikika kilomita 200 hivi kutoka hapo.

STA/LTA, kengele ya kawaida ya kutambua matetemeko, ni uwiano tu wa wastani mfupi wa mtikisiko juu ya wastani mrefu. Siku tulivu, wastani mfupi wa sekunde moja juu ya wastani mrefu wa dakika moja unatosha kabisa: tetemeko likija uwiano unapanda, kengele inalia, unaandika saa, unaendelea na maisha. Mfululizo wa matetemeko hauna adabu hiyo. Tetemeko la ukubwa wa 4 au 5 linaacha mkia wa dakika kadhaa, wastani mrefu unaumeza mkia wote, na madogo yanayofuata yanapita bila kuhesabiwa. Ni kama mtu aliyetoka kwenye jua la saa sita akaingia chumba chenye giza: vitu vipo, macho ndiyo hayajarudi. Kinachoudhi zaidi ni kwamba yanapotea saa zile zile ambazo ungetaka kuyahesabu. Ukichora idadi kwa saa, unapata shimo mara tu baada ya kila tetemeko kubwa, na asiyejua atadhani ardhi ilikuwa inapumzika.

Dawa inayoagizwa siku zote ni kugandisha wastani mrefu kengele ikishalia. Nikaugandisha. Sasa kengele ikawa haizimi, kwa sababu rekodi hairudi kwenye utulivu wa awali kabla tetemeko jingine halijafika, na programu ikaniandikia "tetemeko" moja refu lisilo na mwisho. Nikafupisha wastani, nikarefusha, nikashusha kizingiti, nikachuja kati ya hezi 2 na 8, kisha 3 na 9 (hizi ni sampuli 20 kwa sekunde, kwa hiyo juu ya hezi 10 hakuna cha kutafuta). Kila badiliko liliokoa kipande kimoja cha rekodi na kuharibu kingine. Kuna maneno ndani ya msimbo wangu, kwenye mistari ya maelezo, ambayo nitayafuta kabla sijamwonyesha mtu.

Ndipo nikahamia kwenye violezo. Kata wimbi la tetemeko safi, litembeze juu ya rekodi yote, tazama wapi vinafanana. Njia hii haijali ukubwa, inajali umbo, na matetemeko yanayotoka karibu mahali pamoja hufanana mno. Nikakata kipande kirefu chenye P (wimbi linalofika kwanza) na S (linalofuata kwa mwendo wa polepole) pamoja, kwenye pande zote tatu za kipimo: wima na mbili za ulalo. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kisha kadiri siku za rekodi zilivyosonga, kiwango cha kufanana kikaanza kushuka, na kufikia tarehe 17 kiolezo kilikuwa kimekufa kabisa, huku kwa macho yangu naona matetemeko yamejaa skrini. Nikakata kipya. Kikaishi saa chache, nacho kikafa.

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nilishuku chujio, nikashuku saa ya kituo, nikashuku mapengo kwenye rekodi. Jibu lilikuwa kwenye hesabu ndogo ya kalamu. Kwa hezi 3, wimbi moja linachukua theluthi ya sekunde. Muda kati ya P na S ukibadilika kwa sekunde 0.17 tu, ambayo ni nusu ya wimbi, basi P ikikaa sawa na P ya kiolezo, S inaangukia kinyume: kilele juu ya bonde, vinafutana. Na muda huo wa S kutoa P hubadilika sekunde moja kwa kila kilomita 8 hivi za umbali. Maana yake tetemeko likisogea kilomita moja na nusu kuelekea kituo, au kuondoka, kiolezo kirefu kinalikana. Ufa wa magma haukai mahali pamoja kwa kilomita moja na nusu. Unatembea, ndiyo kazi yake. Kiolezo kimoja kirefu hakiwezi kuufuata, hata ukikate kwa ustadi gani.

Basi nikakivunja vipande viwili. P peke yake kutoka upande wa wima, S peke yake kutoka pande mbili za ulalo, kila kimoja kikitembea kivyake. Kisha nikavijumlisha kwa sharti moja: S inaruhusiwa kuwahi au kuchelewa kidogo, isizidi sekunde moja kila upande. Kwa uhuru huo mdogo tu, kiolezo cha siku za mwanzo kikaanza kuyatambua matetemeko ya tarehe 17 na baada yake. Mashimo kwenye mchoro wa idadi yakajaa, ikabaki mikato michache pale ambapo S ya tetemeko moja inaangukia juu ya P ya linalofuata. Ukiwa na sekunde 25 hivi kati ya P na S, na matetemeko yanafuatana kwa kasi kuliko hapo, huwezi kuyaepuka yote.

Kabla hamjauliza: ndiyo, nimejaribu kuhakikisha si mazingaombwe. Kizingiti cha mara nane ya MAD (kipimo cha mtawanyiko wa kawaida wa namba za kufanana) kinachotumiwa na wengi kimewekwa kwa ajili ya vituo vingi. Kwa kituo kimoja kinakubali takataka, hasa ukishaipa S uhuru wa kusogea. Nilichofanya ni kugeuza kiolezo nyuma mbele kwa wakati. Kina masafa yale yale, urefu ule ule, lakini hakuna tetemeko duniani linaloanza na mkia. Kila kinachotambuliwa na kiolezo kilichogeuzwa ni uongo kwa ufafanuzi. Nikapandisha kizingiti mpaka huyo aliyegeuzwa akanyamaza, ndipo nikamwachia wa kweli. Sijui kwa nini jaribio hili halifanywi na kila mtu. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Kuhusu zana, maoni yangu hayajabadilika sana. ObsPy, maktaba ya Python ya data za matetemeko, naipenda kwa kusoma kila kitu na kwa kuondoa mwitikio wa kipimo bila kelele. EQcorrscan, programu ya kutafuta kwa violezo, ni kazi nzuri, lakini imejengwa kwa mtu mwenye vituo vingi, na kulazimisha sharti langu la S inayoteleza kungenichukua muda mrefu kuliko kuandika korelesheni (hesabu ya kufanana) yangu kwa FFT, njia ya haraka ya kuikokotoa, kwa hiyo nimeandika yangu. PhaseNet, akili bandia ya kuokota P na S, nayo nimeijaribu kwa sababu wenzangu humu hawaniachi. Ilifunzwa kwa rekodi za California Kaskazini za sampuli 100 kwa sekunde. Ukiilisha sampuli 20 zilizokuzwa, inaokota yale makubwa vizuri na kusitasita kwenye mikia, mahali pale pale STA/LTA inapofia. Labda kuna namna ya kuibembeleza. Mimi sitaibembeleza.

Sasa, mpango ulikuwa kwamba orodha ikikamilika nakokotoa ukubwa wa kila tetemeko, natafuta kiwango ambacho orodha inaanzia kuwa kamili, kisha thamani ya b (uwiano wa matetemeko madogo kwa makubwa) kwa fomula ya Aki, mwanzo wa mfululizo dhidi ya mwisho wake. Mpango huo umelala, na sioni utaamka lini, kwa sababu kitu kingine kimenivuta.

Ule uhuru mdogo wa S niliouweka kama kiraka, wenyewe ni kipimo. Kila tetemeko lililotambuliwa linakuja na namba: S imewahi au imechelewa kiasi gani ikilinganishwa na kiolezo. Nikazichora namba hizo dhidi ya wakati, nikitarajia wingu. Nukta zimejipanga kwa mafungu, na mafungu yanahama. Nikafungua ramani. Kutoka Gelai, Kilimambogo iko kaskazini-mashariki. Ufa wa magma nao ulielekea kaskazini-mashariki. Yaani kituo changu kimekaa karibu kwenye mstari wa ufa wenyewe, na tetemeko likitembea kando ya ufa, karibu mwendo wake wote unaonekana kama badiliko la umbali. Sikupanga jambo hili. Nilichagua KMBO kwa kuwa data ilikuwepo.

Kujua hivyo kumeua pia wazo la kuhamia volkano ya Fentale, Ethiopia, kwenye mfululizo wa mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 uliowahamisha watu wengi makwao. Kituo cha wazi cha huko, FURI karibu na Addis Ababa, kiko magharibi ya Fentale, na nyufa za Bonde la Ufa pale zinaelekea kaskazini-kaskazini-mashariki. Tetemeko linaweza kutembea kilomita nyingi na umbali wake hadi FURI usibadilike sana. Mbinu yangu ingekuwa nusu kipofu.

Hata Gelai haijaniachia, maana umbali wa kilomita 200 ni mahali pabaya. Kwa gome la dunia lenye unene wa kilomita 36 hadi 40, ndipo hapa hapa P iliyopita ndani ya gome na P iliyoteleza chini yake hufika karibu kwa pamoja. Nikichukulia kwamba nalinganisha mawimbi ya ndani ya gome, sekunde moja ni kilomita 8.4. Yakiwa ni yale ya chini, ni kilomita 10.6. Mafungu yangu yanahama kwa vyovyote vile. Kuhama kwa kilomita ngapi ndilo swali lenye utata, na tofauti ni ya robo nzima.

Kwa sasa nayapanga matetemeko makubwa kiasi ya siku zile moja juu ya jingine, nikiyafunga kwenye S, nione kama upande wa P una mapigo mawili yanayoachana. Yakiachana nitaleta mchoro. Yasipoachana nitachora mistari miwili, wa 8.4 na wa 10.6, na mwenye hoja aje nayo.