Nilivyojinasua na presha ya tarehe 20

Kwa sisi watunza vitabu wa Tanzania, tarehe 7 kuna PAYE (kodi ya mishahara), SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mlipwaji. Tarehe 20 ni ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Mwisho wa mwezi michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inasubiri. Kila miezi mitatu inaingia awamu ya kodi ya makadirio (kodi ya mapato inayolipwa kwa kukadiria), na ikifika 30 Juni, kampuni zinazofunga mwaka Desemba zinatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka siku ileile ya kulipa awamu ya pili. Ukiwa na mteja mmoja, utazimudu. Mimi nawatunzia vitabu wenye maduka Kariakoo, wa vipuri, vitambaa na vyombo, na wote tarehe zao ni hizohizo.

Kwa miaka mingi wiki ya tarehe 20 ilinimaliza. Usingizi ulikatika saa tisa usiku, moyo ukienda mbio, nikawasha simu kuona nani katuma risiti. Watu wa fani yetu tunasifiana kwa kukesha, na sifa hiyo naipinga kwa dhati. Aliyekesha ndiye anayeandika 1,800,000 palipotakiwa 180,000, na deni linamwangukia mteja.

Nilipofuatilia muda wangu unaishia wapi, niliona kujaza ritani ni kazi fupi. Kinachoua ni kusubiri karatasi. Mauzo hayanisumbui, mashine ya EFD (ya risiti za kodi) inatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo, kila siku. Shida iko kwenye manunuzi. Mteja anafika jioni ya tarehe 19 na mfuko wa rambo, risiti zimekunjamana ndani. Risiti hizo huchapwa kwa joto, kwa hiyo ikikaa kwenye dashibodi ya gari juani, maandishi yanafifia mpaka unaiinua kwenye taa ukijiuliza ile ni 3 au 8. Nyingine imetolewa bila TIN (namba ya mlipakodi) wala VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mnunuzi, VAT yake huwezi kuidai ipunguzwe kwenye ile ya mauzo, na aliyeuza yuko Tunduma.

Nikaanza kupita madukani kila Ijumaa. Vijana wa kaunta nikawaomba wapige picha kila risiti ya manunuzi siku ileile na kunitumia WhatsApp, na wasipokee risiti isiyo na TIN ya duka lao. Hili la pili limeniokoa kuliko jingine lolote, kwa sababu kurekebisha risiti muuzaji akiwa mbele yako ni dakika mbili. Kisha nikaandika kwenye mkataba wa kila mteja: mwisho wa kupokea risiti za mwezi uliopita ni tarehe 10.

Mzee mmoja wa vipuri hakufurahi. "Binti yangu, leo tarehe 13. Serikali yenyewe imenipa mpaka 20, wewe unaninyima?"

"Sikunyimi, mzee wangu. Sheria inakuruhusu kudai VAT ya manunuzi ndani ya miezi sita. Hizi zitaingia ritani ya mwezi ujao. Mauzo ndiyo siwezi kuyasogeza."

Alinuna, na mwezi ule alilipa zaidi. Uliofuata, risiti zake zilifika kwangu tarehe 5.

Kuna faida sikuitarajia. Ritani ikiwa tayari tarehe 14, mteja anajua anadaiwa kiasi gani na ana siku sita za kukusanya pesa. Zamani nilikuwa nampa taarifa hiyo siku ya mwisho, duka likiwa limeshaagiza mzigo, na hasira zote zinanishukia mimi. Sasa ugomvi huo umekwisha.

Juni bado ni nzito, sitadanganya. Ila usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, naumaliza Februari, na stoo inahesabiwa Desemba 31 nikiwepo. Hesabu za kampuni zinahitaji kuthibitishwa na CPA, mhasibu anayetambuliwa na NBAA (bodi ya wahasibu), na hao nao Juni wamezidiwa. Nampelekea wangu mafaili Aprili, wakati bado ana nafasi ya kuuliza maswali.

Mteja mpya akinijia Juni na makaratasi ya mwaka mzima, namwomba arudi Julai. Wawili watatu walikwenda kwa wengine, na ada zao zilinipungua kweli, wakati nina watoto shuleni. Pengo hilo nimeliziba kwa kazi za kuandaa mishahara ya maduka mengine, ambazo mimi nazikamilisha kabla ya tarehe 5.