Hilux yangu iliyoinuliwa pua, na matairi niliyoichagulia

Hilux yangu niliinunua ikiwa imeshainuliwa mbele. Mwenyewe wa kwanza aliweka vipande vya chuma juu ya springi, karibu inchi 2, ili gari likae sawa mbele na nyuma. Pikapu ikitoka kiwandani huwa imeinamisha pua, maana nyuma imeachiwa nafasi ya kushuka ikipakiwa. Lakini chini alibakisha matairi yale yale ya 265/65R17, na uwazi uliobaki chini ya fenda ulikuwa haupendezi hata kidogo.

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Vijana wa gereji waliimba wimbo mmoja tu: "Mzee, weka 285, watu watakupisha!" Mimi sikutafuta kupishwa. Gari langu hubeba sementi, unga na mafuta ya kupikia kwenda maduka ya Yumbe, upande wa kambi ya wakimbizi ya Bidibidi, na mvua za Agosti zikishanyesha ile njia ya udongo huteleza vibaya. Kwa hiyo nilitaka kwanza tairi linaloshika, pili linalobeba, na urefu uje mwisho.

Nikakaa na kalamu. Kwenye 265/65R17, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, na 17 ni rimu kwa inchi. Upana unauzidisha kwa asilimia ya ubavu, jibu unalizidisha mara mbili, kisha unaongeza rimu. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Tairi langu la zamani lilikuwa na kimo cha milimita 776. La 265/70R17 ni 803, na la 285/70R17 ni 831. Watu husahau jambo moja hapo: gari huinuka nusu tu ya tofauti hiyo, maana nusu nyingine inabaki juu ya ekseli. Yaani yale ma-285 ya kutisha yangeniongezea milimita 27 chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), na 265/70 milimita 13. Kwa milimita 14 za ziada, sikuona kwa nini nihangaike.

Hata hivyo sikutaka kuamua kwa karatasi peke yake. Jirani ana Prado yenye 285/70R17, na rimu yake ni ya nati sita kama ya Hilux. Nilimwomba spea, nikaifunga mbele kulia. Gari likiwa limesimama kwenye uwanja, usukani umenyooka, tairi lilikaa vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi hulipa pesa. Mimi nilikata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, nikarudi nyuma hivyo hivyo, halafu nikapandisha gurudumu juu ya jiwe ili springi ibanwe. Likaanza kukwaruza: plastiki ya ndani ya fenda kwanza, kisha ile kona ya bodi nyuma ya gurudumu. Fundi akasema, "Hiyo tunakata kidogo, mzee, tunagonga kidogo." Nikamwambia sikati bodi kwa ajili ya tairi. Inchi 2 za mwenye gari wa kwanza zilisukuma springi chini tu, hazikupanua nafasi ndani ya fenda. Ikibanwa kwenye shimo, tairi hurudi juu karibu pale pale lilipokuwa likifika zamani.

Kuna na suala la mzigo, ambalo wanaopenda gari liwe juu hawaligusi. Pikapu iliyosawazishwa ikiwa tupu, ukiipakia sementi nyuma inashuka na pua inaelekea mbinguni. Taa zinawapiga machoni wanaokuja, na usukani unakuwa mwepesi kuliko ninavyopenda. Tairi kubwa halitibu hilo. Nilishusha taa kwa ile swichi ya ndani, na sasa mifuko mizito naisogeza karibu na kabini. Kwa upande wa nguvu, nilisoma namba ya ubavuni. Matairi yangu ya zamani yaliandikwa 112, yaani kilo 1,120 kila moja. Haya mapya ya 265/70R17, ya plai 10 (yaani ya ubavu mgumu wa kubebea mizigo), ni 121: kilo 1,450. Yana meno ya kati, si yale mapana ya matope matupu, kwa sababu lami ya kwenda Pakwach nayo ni safari yangu na meno mapana hupiga kelele kutwa nzima.

Dukani niliangalia tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, nikakataa seti moja iliyozeeka rafuni ingawa ilimetameta. Nikanunua matano. Spea ndogo kuliko wenzake ni hatari ukiwa kwenye foo-wili: magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti, na gia na difu ndizo zinazoumia. Kabla ya kulipa nilihakikisha la tano linaingia chini ya bodi, mahali pake pa kawaida.

Baada ya kufunga nilienda kupima alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, ambayo pengine haikupimwa tangu pua iinuliwe, maana tairi la kushoto la zamani lilikuwa limeliwa upande mmoja. Upepo nimeuongeza kidogo, kwani tairi la plai 10 likijazwa kama la gari dogo huchemka likibeba. Spidomita sasa inasoma 80 nikiwa naenda karibu 83. Kupanda kutoka Nile pale Pakwach hadi Nebbi, nikiwa nimepakia, nashusha gia mapema kidogo kuliko zamani, basi. Yale manne ya zamani aliyachukua mwenye Hilux nyingine mtaani, isipokuwa lile lililoliwa, ambalo watoto wamelifanya bembea.